Aliyetusomea Mkataba

Nangila Wekulo alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha sufuria kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusimama mbele ya watu akasema neno. Kazi yake ilikuwa ya presi. Alichukua duara la alumini, akaliweka juu ya kalibu, akaondoa mikono, akakanyaga pedali, na mashine ikashuka. Duara likawa sufuria. Alifanya hivyo kutwa, siku sita kwa juma. Watu wa presi hawaongei kazini kwa sababu ya kelele, na wakifika nyumbani huongea kama wanaoitana kutoka ng'ambo ya mto. Mumewe, Kweyu, alizoea kumwambia, "Mama Dishon, niko hapa tu mbele yako. Sijaenda Bungoma."

Walikaa Kayole, ghorofa ya nne, wao wawili tu tangu mwana wao Dishon aoe na kuhamia Nakuru. Kweyu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Kariobangi. Asubuhi walikunywa chai wakisikiliza redio, na ni kwenye redio walikosikia habari za mkataba kwa mara ya kwanza. Serikali ilikuwa ikizungumza na nchi za ng'ambo. Bidhaa zetu zingeingia kwao bila ushuru, na zao zingeingia kwetu bila ushuru. Mtangazaji alisema ni fursa.

Kweyu aliweka kikombe chini. "Vyuma vikiingia bila ushuru, mimi nitapumua. Sasa hivi mteja akisikia bei ya geti anaona afadhali azibe mlango na mabati."

"Na sufuria zikiingia bila ushuru?"

Kweyu alifikiri. "Labda hao hawatengenezi sufuria."

"Baba Dishon, ni nani duniani hatengenezi sufuria?"

Kweyu alimaliza chai, akachukua miwani yake ya kuchomelea, akatoka. Hawakugombana, ila kuanzia siku hiyo mkataba ulipotajwa redioni kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kidogo, kwa sababu kilichoonekana kumfaa mmoja kilionekana kumnyang'anya mwingine, na wote wawili walikula kutoka chungu kimoja.

Kiwandani, aliyeyachukulia mambo hayo kwa uzito alikuwa Mativo, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Alikuwa mtu mzima kutoka Makueni, mrefu, mwenye tabia ya kukunja magazeti na kuyatia mfuko wa ovaroli. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alisema serikali imeita wananchi watoe maoni Jumamosi jioni baada ya kazi, kwenye ukumbi wa kijamii huku huku Eastlands.

"Twendeni," alisema. "Tusipoenda watasema tuliitwa tukakataa."

Walienda kumi na wawili. Nangila alikaa na rafiki yake Wavinya, aliyekuwa kwenye upande wa kufungasha. Wavinya alikuwa kibarua kwa mwaka wa tisa. Kila mara aliahidiwa kuandikwa kazi mwezi ujao, na kila mara mwezi huo ukapita. Aliishi Mukuru kwa Reuben, akienda kazini kwa miguu, na alijua kila kitu kilichotoka kiwandani na kilikoenda, kwa sababu yeye ndiye aliyebandika karatasi kwenye katoni.

Mbele kulikuwa na meza mbili. Kwenye moja aliketi afisa wa Sekretarieti ya Mazungumzo, mwanamume wa suti, na alionyesha picha ukutani: mistari iliyopanda. Alisema mkataba utaleta nafasi mpya za kazi, maelfu kwa maelfu. Kwenye meza ya pili aliketi mhadhiri wa uchumi, mwanamke kijana aitwaye Filsan, aliyealikwa na vyama vya wafanyakazi. Naye alionyesha mistari, ila yake ilishuka. Alisema viwanda vidogo vya kutengeneza vyombo, sabuni na viatu vitabanwa vikose pa kutokea.

Watu walianza kuguna. Mzee mmoja nyuma aliuliza, "Sasa sisi tumwamini nani?"

Filsan alishika kipaza sauti. "Nitakuambia ukweli, mzee. Hesabu yangu ni ya kukisia. Sijui bidhaa gani zimo kwenye orodha na lini ushuru wake unaondolewa. Wao wanajua. Mimi nimewaomba orodha hiyo kwa mwaka mzima."

Hapo ndipo Nangila alipojikuta amesimama. Baadaye alisema hakuamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa presi, sauti yake ilijaa ukumbi bila kipaza sauti.

"Mimi natengeneza sufuria. Nauliza kitu kimoja tu. Sufuria imo, au haimo?"

Watu walicheka, kisha wakamgeukia afisa. Afisa alisafisha koo. Alisema swali ni zuri sana. Alisema mazungumzo yanaendelea, na katika mazungumzo ya aina hiyo pande zote mbili hukubaliana kuficha karatasi zao hadi mwisho, ili mmoja asimzidi mwingine. Hata hivyo, wadau wangeweza kumteua mtu mmoja aende ofisini kusoma rasimu, kwa masharti.

Mativo aliinua mkono papo hapo. "Tunamteua huyo aliyeuliza."

"Mimi?" Nangila aligeuka. "Mativo, si wewe ndiye umesoma?"

"Wewe ndiye umeuliza, mama. Nikienda mimi watasema ni siasa za chama."

Wiki ile Wavinya alimletea kipande cha karatasi. Kwenye katoni za sufuria zilizokwenda Uganda na Sudan Kusini kulikuwa na nambari ya forodha, na Wavinya aliijua kwa moyo. Saba, sita, moja, tano. "Usitafute neno sufuria," alimwambia. "Wazungu hawana sufuria. Tafuta hii nambari. Hiyo ndiyo sisi."

Ofisi ilikuwa mjini, kwenye jengo la kioo. Nangila alivaa suti yake ya kanisani. Mlangoni askari alichukua kitambulisho chake, simu, mkoba na kalamu. Aliyempokea alikuwa afisa mdogo aitwaye Laban, mpole, mwenye tai iliyolegea. Alimpa fomu. Ilisema kwamba msomaji hatanakili, hatapiga picha, wala hatamweleza mtu yeyote alichosoma, na kwamba akivunja sharti hilo anaweza kushtakiwa.

"Sasa nikishasoma nitawasaidiaje walionituma?" aliuliza.

Laban alikwaruza shingo. "Mnaweza kuandika maoni, mama. Ila msitaje kilichomo."

Mativo alikuwa amemwambia, weka saini tu, mengine tutaona. Aliweka saini.

Chumba kilikuwa na meza, kiti, na saa ukutani. Rasimu ililetwa kwenye kasha la plastiki. Ilikuwa na unene wa Biblia mbili, yote kwa Kiingereza. Alipewa saa moja. Laban aliketi kwenye kona akimtazama, si kwa ubaya, ilikuwa kazi yake.

Nangila alifika darasa la nane na alijua Kiingereza cha kusoma barua. Hiki kilikuwa kingine. Alisoma ukurasa wa kwanza mara mbili na hakujua ni nani aliyekuwa akiahidi nini. Aliacha maneno akaenda kwenye nambari. Orodha ilianza katikati ya kitabu: safu baada ya safu, farasi wakiwa hai, nyama ya ng'ombe, samaki, maua. Alipitisha kidole akishuka. Dakika thelathini zilikuwa zimekwisha alipofika kwenye vitambaa. Mikono ilianza kutoa jasho, akaipangusa kwenye sketi asije akalowesha karatasi. Chuma. Shaba. Kisha ikaja alumini. Akaiona nambari yake, 7615, akashtuka kama mtu aliyeona jina la ndugu yake kwenye orodha ya walioumia. Mbele ya nambari kulikuwa na herufi moja na tarakimu moja. D5.

Hakuna kingine. D5.

"Bwana Laban, hii D5 maana yake nini?"

Laban alikuja, akainama, akatazama. "Maana ya herufi iko kwenye Kiambatisho cha Tatu."

Nangila alifungua nyuma. Kulikuwa na Kiambatisho cha Kwanza, cha Pili, kisha cha Nne.

"Cha Tatu hakiko hapa."

"Hakijaletwa kwenye chumba hiki, mama."

"Kiko wapi?"

"Kwa wakubwa." Alishusha sauti. "Hata mimi sijakiona. Nakuambia kweli."

Alikaa dakika zilizobaki akiitazama D5. Aliangalia bidhaa zilizo karibu nayo. Vijiko vilikuwa B. Kufuli zilikuwa A. Vyuma vya mageti, kazi ya Kweyu, vilikuwa D vilevile, lakini D2. Hakuweza kujua kama hiyo ilikuwa habari njema nyumbani kwake au mbaya.

Mlangoni akitoka, Laban alimpa daftari atie saini tena. Mstari ulisema: *Nimepewa nafasi ya kusoma rasimu na kutoa maoni.*

"Lakini sijaisoma. Nimesoma herufi moja."

"Mama, usipotia saini hapa, ziara yako haijaandikwa popote. Na kama haijaandikwa, maoni ya wenzako hayatapokelewa."

Watu wawili walikuwa nyuma yake wakingoja. Kitambulisho chake kilikuwa mezani, chini ya kiganja cha askari. Aliandika jina lake.

Kesho yake kwenye kibanda cha chakula nje ya geti la kiwanda, wote walimzunguka. Nangila alikula githeri yake polepole. Alijua fomu imesema nini. Alimwona Mativo ameinama kumngoja, alimwona Wavinya ameshika kijiko bila kula, na akaona hangeweza kuinuka pale bila kusema.

"Imo," alisema. "Sufuria imo. Mbele yake wameandika D5."

"D5 ni nini?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza. Maana yake iko kwenye karatasi nyingine, na hiyo karatasi haikuwepo."

Palitokea kelele. Kijana wa polishi alisema ni wazi, tano ni miaka. Miaka mitano kisha kwisha. Mwingine akasema tano ni asilimia, ushuru utabaki tano. Mwanamke wa stoo alisema A ndiyo mbaya zaidi na kwa hiyo D ni afadhali. Mwingine akasema kinyume. Ndani ya nusu saa waligawanyika makundi mawili, yenye matumaini na yasiyo na matumaini, wakigombania herufi ambayo hakuna aliyejua ilisema nini. Nangila aliwasikiliza na kujuta kwamba alikuwa ameitoa mdomoni.

Mativo aliandika maoni. Katika nakala ya kwanza aliweka: *Tunapinga sufuria kuwekwa D5.*

Nangila alishika karatasi kwa mikono miwili. "Ukiandika hivyo watajua nimesema. Ni mimi peke yangu niliyeingia."

Mativo akafuta mstari huo. Akaandika kwamba wafanyakazi wanaomba bidhaa zao zilindwe. Barua ilipelekwa. Baada ya wiki tatu jibu lilikuja, aya moja. Sekretarieti iliwashukuru kwa maoni yao, lakini maoni hayo yalikuwa ya jumla mno. Waliombwa wataje kifungu na kundi la ushuru wanalolipinga.

Mativo alisoma barua hiyo mara tatu kwa sauti. Kisha alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akaikunja akaitia mfuko wa ovaroli pamoja na magazeti.

Mkataba ulitiwa saini mwezi wa sita. Walitazama kwenye televisheni ya kibanda, saa ya chakula. Watu wa suti walipeana mikono na kubadilishana vitabu vyenye jalada la ngozi. Mwenye kibanda aliongeza sauti, lakini ilikuwa muziki tu. Baadaye msemaji alisema wananchi walishirikishwa kikamilifu, na ripoti ya ushirikishwaji inapatikana.

Mativo aliitafuta ripoti hiyo. Alikuja nayo Alhamisi, na hakumwendea Nangila kwanza. Alipoingia kubadilisha nguo, Nangila alikuta wanawake wamesimama karibu na makabati, na ukurasa mmoja ukipita mkono kwa mkono. Wavinya ndiye aliyempa.

Ilikuwa orodha ya wadau. Chini, upande wa kushoto: *N. Wekulo, mwakilishi wa wafanyakazi, sekta ya vyombo vya alumini. Alisoma rasimu kamili. Hakuna pingamizi mahususi lililopokelewa.*

Alisoma jina lake. Aliona limeandikwa vizuri, bila kosa hata moja.

"Ulisoma yote?" Wavinya aliuliza.

"Nilikuambia nilichosoma."

"Hapa wamesema kamili."

"Wamesema wao."

"Na saini?"

Nangila alitafuta maneno. Alitaka kueleza juu ya daftari, askari, kitambulisho, watu waliokuwa nyuma yake wakingoja. Yote yalikuwa kweli, na alipoyapanga kichwani yalionekana kama visingizio. "Saini ni yangu," alisema.

Mtu mmoja aliguna. Mwanamke wa stoo alisema kwa sauti ya kutosha, "Sasa tumejua kwa nini walimpokea na chai." Hakukuwa na chai. Lakini kufikia Jumamosi kiwanda kizima kilijua kuhusu chai, na baadaye kuhusu bahasha. Mativo hakusema lolote baya, ila hakumtetea pia. Alimwambia tu, akitazama pembeni, "Ungekataa kusaini, mama. Ungekuja mikono mitupu lakini tungekuwa na hoja."

"Wewe ndiye uliniambia nisaini."

"Ile ya kuingia. Si ile ya kutoka."

Jumapili jioni nyumbani, Kweyu alimsikiliza hadi mwisho. Alisema tu, "Kesho usiende kazini. Rudi huko huko ukafutishe jina lako." Lilikuwa wazo la mtu anayempenda, na Nangila alilifuata.

Laban alikuwa bado pale. Alimtambua kabla hajasema. Alimpeleka kwenye ngazi, mahali pasipo watu, akamsikiliza huku akizungusha kadi yake ya kazi kwenye vidole.

"Ripoti imeshachapishwa," alisema. "Imeenda Bungeni. Siwezi kubadilisha mstari."

"Basi niandikie barua. Sema niliuliza Kiambatisho cha Tatu na sikupewa. Wewe ulikuwepo."

"Mama Wekulo." Alisita. "Kiambatisho cha Tatu kiko kwenye orodha ya siri. Nikiandika hukupewa, nimeandika kwamba kipo. Na wewe ukiandika, umevunja ile fomu yako."

"Kwa hiyo siruhusiwi kusema nilichosoma, na siruhusiwi kusema nisichosoma."

Laban alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala vizuri. "Nina mke na mtoto mchanga," alisema, ingawa hakuwa ameulizwa. "Niliingia ofisi hii nikidhani nitawasaidia watu kama nyinyi."

Nangila aliandika barua hata hivyo, kwa mkono, pale pale kwenye kiti cha mapokezi. Aliandika kwa Kiswahili. Alisema alisoma ukurasa mmoja na herufi moja, kwamba Kiambatisho cha Tatu hakikuwepo, na kwamba jina lake lisitumiwe. Kama watamshtaki, na wamshtaki. Msichana wa mapokezi aliigonga muhuri wa kupokelewa, akampa nakala, akaweka ile nyingine kwenye trei iliyojaa. Nangila alingoja wiki, kisha mwezi. Kila alipoona askari karibu na geti la kiwanda, alipita upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyekuja kumshtaki. Hakuna aliyejibu.

Meneja wa kiwanda, Kyule, aliwaita wote kwenye uwanja mwezi wa tisa. Alisema presi mbili kati ya nne zitasimamishwa. Mwenye kiwanda alikuwa amepanga kuleta mashine mpya, na sasa hatazileta.

"Ni mkataba?" Mativo aliuliza.

"Sijasema mkataba," alisema Kyule. "Umeme uko juu. Malighafi iko juu."

"Bwana Kyule, sema ukweli."

Kyule alivua kofia yake ya plastiki. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amepanda cheo pale pale, kutoka ufundi. "Ukweli ni kwamba mwenye kiwanda hajui. Mtu hawezi kununua mashine ya miaka ishirini kama hajui mwaka wa tano kutakuwa na nini. Akiuliza anaambiwa angoje. Kwa hiyo anangoja. Na akingoja, anafunga mbili."

Vibarua walitolewa kwanza, Wavinya akiwemo. Hawakuandikiwa barua kwa sababu hawakuwa wameandikwa kazi. Ijumaa majina yao hayakusomwa getini, basi.

Kiambatisho cha Tatu kilitolewa hadharani mwezi wa kumi na moja, kikawekwa kwenye mtandao bila tangazo. Mativo alimpigia simu yule mhadhiri, Filsan, akaweka simu kwenye spika juu ya meza ya kibanda. Wakati huo watu walikuwa wameanza tena kumsalimia Nangila, wachache, kwa haya.

"D ni kundi ambalo hawakuafikiana juu yake," Filsan alisema. "Wameahirisha. Tano ni kamati itakayoendelea kulijadili, kamati ya tano. Haina tarehe."

"Kwa hiyo ushuru unatoka au hautoki?" aliuliza Mativo.

"Hakuna anayejua. Hata waliotia saini hawakujua. Na vikao vya kamati vitakuwa vya siri."

Nangila alikuwa ameweka viganja mezani. "Na wale walioonyesha kazi maelfu kwa maelfu?"

"Walihesabu kana kwamba D imekwisha amuliwa. Na mimi pia," Filsan alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Sote tulihesabu kitu ambacho hakikuwepo."

Jioni Nangila alimweleza Kweyu. Vyuma navyo vilikuwa D, kamati ya pili. Bei ya vyuma Kariobangi ilikuwa ile ile. Ilikuwa imepanda kidogo, kwa kweli, kwa sababu wauzaji walikuwa wameacha kuagiza wakingoja ushuru ushuke. Kweyu alikuwa na geti moja tu wiki nzima. Hawakuwa na la kubishana tena. Walikaa kitandani bega kwa bega kama abiria wanaongoja kitu kilichochelewa.

Jumapili baada ya kanisa Nangila alikwenda Mukuru kwa Reuben. Hakuwa ameongea na Wavinya tangu siku ya makabati. Aliuliza njia mara mbili, akavuka mfereji kwa ubao, na kumkuta ameketi mlangoni, vitu vyake vimetolewa nje: ndoo, jiko, magunia mawili, godoro.

"Unahama?"

"Narudi Mwingi. Dada yangu ana duka la mahindi. Anasema kuna nafasi ya mtu wa kupima." Wavinya hakuinuka, lakini alisogeza mguu, na Nangila akakaa kando yake kwenye kizingiti.

Walitazama watoto wakiruka kamba. Kutoka upande wa viwanda kulisikika mashine moja tu, mbali.

"Nilikuwa na hasira na wewe," Wavinya alisema.

"Najua."

"Kisha nikaona wewe ndiye niliyekuwa karibu naye. Ndiyo maana nikakukasirikia." Alikuna goti. "Nikamtafuta mwingine. Kyule, nikaona hapana, naye anangoja. Mwenye kiwanda, anangoja. Yule wa suti pale ukumbini, simjui jina. Nimekaa hapa miezi miwili nikitafuta mtu wa kukasirikia, Mama Dishon, na sijampata. Wewe uliingia mle ndani. Kulikuwa na nani?"

Nangila alifikiri kwa dhati, kwa sababu alitaka kumpa kitu. Alikumbuka chumba, saa ukutani, kijana mwenye tai iliyolegea.

"Hakukuwa na mtu," alisema.

Wavinya alitikisa kichwa taratibu. Mwenye mkokoteni alifika akauliza kama vitu ndivyo hivi. Waliinuka. Godoro lilikuwa zito kwa unyevu na halikukunjika vizuri. Nangila alilikalia huku Wavinya akipitisha kamba chini, akaifunga, akaivuta kwa meno.

"Vuta zaidi," alisema Nangila. "Italegea njiani."

"Imeshika."

"Vuta tu."

Wavinya alivuta. Walilibeba pamoja hadi kwenye mkokoteni, kila mmoja na upande wake, wakitembea kwa kando kwa sababu njia ilikuwa nyembamba.